Saa ya Umande

Baba yangu alilima viazi mviringo hapa Isyonje, mkoani Mbeya, kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote sikumbuki siku ya msimu ambayo jua lilimkuta ndani ya nyumba. Alitoka saa kumi na mbili alfajiri, blanketi begani na fimbo mkononi, akalizunguka shamba tuta kwa tuta huku akigeuza majani kwa ncha ya fimbo, kisha akarudi suruali ikiwa imelowa umande hadi magotini. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni mazoea ya wazee wasiopata usingizi. Nilikuja kuelewa baadaye, nilipoanza kulima mwenyewe. Ukungu wa viazi, ambao maofisa ugani huuita bakajani chelewa, huchanua usiku wenye baridi na unyevu, na asubuhi na mapema huonekana upande wa chini wa jani kama unga mweupe ulionyunyizwa kuzunguka doa jeusi. Jua likipanda na umande ukikauka, ule unga hupotea machoni, likabaki doa ambalo mtu mwenye haraka atalichukua kuwa jani lililochomwa na baridi tu. Kwa hiyo mkulima anayefika shambani saa nne amefika, ila saa ya kuuona ugonjwa imekwisha kupita.

Nimeanza na umande kwa sababu yale ninayoyajua kuhusu simu na mitandao ya kijamii nilijifunza shambani, kwa gharama, na sioni namna ya kuyaeleza nje ya shamba.

Nilinunua simu janja yangu ya kwanza mwaka 2015, Mwanjelwa, mjini Mbeya, baada ya kuuza viazi vya mavuno ya Februari. Sikuinunua kwa ajili ya starehe. Binti yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu, alinieleza kwamba kuna makundi ya WhatsApp ambamo wakulima wa Mbeya, Njombe na Iringa wanapeana bei za viazi za kila siku. Mtu ambaye hajawahi kuuza mazao kando ya barabara hawezi kujua uzito wa habari hiyo. Kwetu, kabla ya hapo, bei ilikuwa ni ile aliyokuja nayo dalali. Alisimamisha gari hapo barabarani, kwenye njia ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu, akatuambia kwamba Dar es Salaam viazi vimejaa, mji hauna fedha, na kwamba asipochukua leo vitaozea shambani. Hatukuwa na namna ya kumpinga. Tulikubali bei, na juu ya bei tukakubali lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kilemba juu mpaka likawa na kilo 130 au 140, ingawa sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100.

Mwaka 2016, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilibishana na dalali nikiwa na hoja mkononi. Aliniambia shilingi 38,000 kwa gunia. Asubuhi ile ile mwenzetu mmoja aliyekuwa amepeleka mzigo soko la Mabibo, Dar es Salaam, alikuwa ametuma picha na bei, na bei hiyo, hata baada ya kutoa nauli ya Fuso, ushuru na wapakuzi, ilimwachia dalali faida kubwa mno. Nilimwonyesha picha. Alinyamaza, akaenda kuzungumza na jirani yangu, jirani naye alikuwa na picha ile ile. Tuliuza kwa 52,000, na gunia likafungwa bila kilemba. Fedha iliyoongezeka msimu ule ndiyo iliyomlipia binti yangu ada na michango ya mwaka mzima, kwa hiyo mtu akisema mbele yangu kwamba mitandao hii ni upuuzi mtupu, nami nina jibu ambalo limekwisha kuandikwa kwenye stakabadhi za shule.

Tulipata na elimu pia. Mwaka 2019 sehemu ya shamba langu la bondeni ilianza kunyauka, mimea ikilala mchana kama iliyokosa maji ilhali udongo ulikuwa umelowa. Niliweka picha kwenye kundi, na ndani ya nusu saa nikapata majibu kumi na moja, mengi yakinitaka nipige dawa ya ukungu kwa wingi. Mmoja alinitumia ujumbe mrefu wa kuchanganya majivu, sabuni ya unga na mkojo wa ng'ombe, ukiwa na ile alama inayoonyesha kwamba ujumbe umesambazwa kutoka mkono hadi mkono. Nilinunua dawa ya ukungu, nikapiga mabomba manne, na mimea ikaendelea kulala. Siku ya tatu bwana shamba wa kata, ambaye naye alikuwamo kwenye kundi lakini huzungumza mara chache, alituma video fupi. Alikata shina la kiazi kilichonyauka, akaliweka likining'inia ndani ya glasi ya maji safi, akatuonyesha uzi mweupe kama wa maziwa ukishuka polepole kutoka kwenye kidonda cha shina. Alieleza kwamba huo ni mnyauko wa bakteria, kwamba hakuna dawa ya kupuliza inayouponya, na kwamba hukaa udongoni na husafiri ndani ya mbegu. Nilijaribu na glasi ya chai ya mke wangu, dirishani. Uzi ulishuka vile vile. Niling'oa mimea yote ya eneo lile, nikaitoa nje ya shamba, na kwa misimu mitatu iliyofuata nikapanda hapo mahindi na pareto, nikijiepusha na nyanya na bilinganya kwa kuwa nazo huugua ugonjwa huo huo.

Nililitafakari sana jambo lile. Kundi lile lile lililonipotezea fedha ya mabomba manne ndilo lililoniokolea shamba, na tofauti ilikuwa kwamba mtu mmoja alitoka ndani, akakata shina halisi, akaangalia kabla ya kusema. Wengine wote, na mimi nikiwamo, tulikuwa tunajibu kutoka kwenye picha.

Hata hivyo, somo hilo sikulishika wakati ule. Katikati ya mwaka 2019 wenzangu walinichagua niwe mmoja wa wasimamizi wa kundi, na nilijisikia kuheshimiwa. Tulikuwa karibu na idadi ya mwisho iliyoruhusiwa wakati huo, watu 256, kutoka Umalila hadi Makete hadi Mafinga. Kazi ya msimamizi ni kusuluhisha. Kuna anayetuma matangazo ya mikopo ya kitapeli, kuna wawili wanaotukanana kwa sababu ya mpira wa Jumamosi, kuna anayeleta siasa, kuna aliyefiwa na ambaye watu wamempita bila kumpa pole. Nilianza kufungua simu nikiwa bado kitandani ili kuona kulikuchaje humo ndani. Mwanzoni zilikuwa dakika tano. Baadaye nilikuwa nikitoka kwenye kundi naingia Facebook, na Facebook nikaperuzi mpaka chai ikapoa.

Binti yangu, ambaye siku hizi amemaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, alinieleza jambo ambalo lilinitia uchungu. Alisema kwamba zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa na mwisho. Ukifika chini ulitakiwa kubonyeza ili kwenda ukurasa wa pili, na pale ndipo mtu alipopata nafasi ya kujiuliza kama anataka kuendelea. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya kufanya ukurasa ujijaze wenyewe kadiri unavyoshuka, na baadaye akasema hadharani kwamba anajutia yaliyotokana na ubunifu huo. Nilipolisikia hilo nililinganisha na tuta. Tuta lina mwisho, ukifika unanyoosha mgongo, unatazama nyuma, unaamua kama unaingia tuta linalofuata au unaenda kunywa maji. Mtu aliyelima maisha yake yote kwenye matuta yenye mwisho alikuwa amepewa kitu kisicho na mwisho, na hakuna aliyemwonya.

Mvua za mwanzo wa mwaka 2020 zilikuwa nyingi, na milima ya Uporoto ilikuwa ndani ya mawingu kwa siku nyingi mfululizo. Hali kama hiyo ndiyo ukungu unayoitaka. Nilikuwa na eka moja na nusu upande wa juu, mwendo wa dakika ishirini kutoka nyumbani, viazi vikiwa vimeanza kuchanua maua, na nilikuwa nimepiga dawa wiki moja na nusu kabla. Juma hilo kulizuka ugomvi kwenye kundi kuhusu mbegu: mtu mmoja alikuwa amekusanya fedha za wanakundi kumi na wanne akiahidi mbegu bora, na mbegu zilikuwa hazijafika. Kila asubuhi nilikuwa kwenye simu. Nilisikiliza ujumbe wa sauti wa dakika saba, nikajibu, nikasikiliza wa dakika tisa, nikajibu. Watu walinishukuru kwa busara. Mke wangu aliniuliza Jumanne kama nimekwenda kule juu, nikamwambia nitakwenda mchana. Mchana mvua ilinyesha. Jumatano ikawa hivyo hivyo, na Alhamisi, na Ijumaa.

Nilikwenda Jumamosi. Harufu niliipata kabla sijaliona shamba, harufu ya majani yanayooza ambayo kila mkulima wa huku anaijua na hapendi kuitaja. Siku tano zinautosha ukungu kusambaa kutoka madoa machache hadi sehemu kubwa ya shamba katika hali ya mvua na baridi, kwa sababu kila doa hutoa mbegu zake upya ndani ya siku hizo na matone ya mvua huzirusha kwenye mimea jirani. Robo ya shamba, upande wa bondeni, ilikuwa nyeusi kama iliyomwagiwa maji ya moto. Nilipiga dawa jioni ile ile nikijua kwamba nimechelewa. Eka ile moja na nusu, ambayo nilitarajia inipe gunia 65, ilinipa gunia 19, nyingi zikiwa na viazi vidogo ambavyo tuliviuza kwa ndoo hapo barabarani kwa wasafiri wa mabasi.

Bwana shamba alipokuja kuangalia aliniambia kwamba ugonjwa huo ndio ulioleta njaa kubwa Ireland kuanzia mwaka 1845, na kwamba watu wa huko hawakuwa na dawa wala hawakujua kinachoua mimea yao. Nadhani alitaka kunifariji. Mimi nilibaki nikifikiri kwamba nilikuwa na dawa stoo, nilikuwa na bomba, nilikuwa na elimu ya ukungu kutoka kwa baba na kutoka kwenye kundi, na katika simu ile ile niliyokuwa nimeishika kulikuwa na picha zaidi ya hamsini za majani yenye ukungu. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa mimi mwenyewe kuwapo shambani kabla umande haujakauka.

Wapo rafiki zangu ambao wangefuta WhatsApp siku ile. Mmoja alifanya hivyo kwa sababu zake, akarudi kwenye simu ya vitufe, na ninamheshimu. Mimi nilikaa na jambo hili kwa majuma kadhaa, nikapima saa zangu kama ninavyopima mbolea, na nikagundua kwamba wingi wa muda haukuwa tatizo langu kubwa. Kama ningetumia saa mbili zile zile mchana, mvua ikinyesha na hakuna kazi ya nje, nisingepoteza hata gunia moja. Simu ilikuwa imechukua saa moja mahususi, ambayo haina mbadala, na ilikuwa imeichukua kwa urahisi kwa kuwa hiyo ndiyo saa ambayo mtu ameamka lakini bado hajaanza. Kazi nyingi za maisha zinaweza kusogezwa kutoka asubuhi hadi jioni, lakini kuna chache zilizofungwa kwenye saa yake, na mitandao haijui zipi ni zipi. Ni lazima mwenye shamba ndiye ajue.

Tangu hapo simu yangu hulala jikoni, juu ya kabati la vyombo, na siichukui mpaka nimerudi kutoka shambani. Usimamizi wa kundi niliurudisha. Nilidhani kwa kufanya hivyo nimekwisha kulipatia jambo hili ufumbuzi, mpaka usiku mmoja ulipokuja kunionyesha kwamba kulikuwa na saa ya pili ambayo nilikuwa naipoteza bila kujua.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021. Mnamo saa moja kasoro jioni ujumbe uliacha kwenda. Nilidhani ni bando limekwisha, kijana wangu akadhani ni mnara, mke wangu akazima simu yake na kuiwasha. Baadaye tulisikia redioni kwamba Facebook, WhatsApp na Instagram, ambazo zote ni za kampuni moja, zilikuwa zimezimika dunia nzima, na sababu ilikuja kuelezwa kuwa ni badiliko lililokosewa katika mitambo yao wenyewe, ambalo lilikata njia za kuzifikia seva zao kwa muda wa karibu saa sita. Kwetu Isyonje, saa sita hizo zilianguka zote kati ya magharibi na saa saba usiku. Tulikuwa jikoni, tumezunguka moto, kwa sababu Oktoba huku usiku bado una baridi. Mama yangu alikuwa anaishi nasi tangu baba afariki. Kila jioni alikaa hapo hapo kwenye kigoda chake, nasi tukikaa naye, kila mmoja na simu yake, tukimjibu alipouliza na kumwongezea chai ilipokwisha. Sikuwahi kufikiri kwamba tunamkosea.

Usiku ule, kwa kuwa hakukuwa na la kutazama, tulianza kuzungumza kuhusu habari zinavyosafiri, na kijana wangu akamwuliza bibi yake kwamba enzi zao mtu akifariki mbali walijuaje. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba yeye alisikia kifo cha kaka yake redioni.

Nilijua kwamba nilikuwa na mjomba aliyefia kazini. Hilo ndilo nililolijua, basi. Mama alitueleza kwamba kaka yake huyo alikwenda kufanya kazi ya ujenzi wa reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na kwamba kambi yake ya mwisho ilikuwa upande wa Mlimba. Jirani aliyekuwa na redio ndiye aliyekuja mbio jioni moja kusema kwamba jina limetajwa katika matangazo ya vifo ya Radio Tanzania. Walipolisikia, mazishi yalikuwa yamekwisha siku tatu kabla. Miezi miwili baadaye dereva wa lori aliwaletea koti lake. Mama alisema kwamba aliliweka koti lile ndani ya mtungi mkavu kwa sababu ya panya, na kila mwaka alilitoa akalianika, mpaka likachoka lenyewe. Hakuwahi kuliona kaburi. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kutuambia habari hizi.

"Baba," alinijibu, maana ndivyo alivyoniita tangu nilipokuwa mkubwa, "habari kama hii haisemwi mchana. Na usiku nanyi mna kazi."

Hakusema kwa lawama. Aliamini kwa dhati kwamba yale tuliyokuwa tukifanya kwenye simu kila usiku ilikuwa ni kazi, na kwa adabu yake hakutaka kutukatiza.

Sikulala vizuri usiku ule. Lakini asubuhi, baada ya kutoka shambani, nilifanya jambo ambalo baba yangu asingeweza kulifanya hata kama angetaka. Niliandika habari zote za mjomba kwenye kundi la ukoo, jina lake, jina la baba yake, mwaka unaokadiriwa, kambi, na koti lile. Kundi lile lina ndugu waliotawanyika Kyela, Tunduma, Ifakara, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ng'ambo ya Zambia, ambako reli hiyo inaishia. Kwa siku mbili sikupata kitu zaidi ya pole. Siku ya tatu shemeji mmoja wa Ifakara aliandika kwamba ana rafiki mwalimu Mlimba. Mwalimu aliuliza kanisani kwao. Wiki ya pili tulitumiwa ujumbe wa sauti wa mzee mmoja aliyekuwa kibarua wa reli, akisema anawakumbuka vijana wa Kinyakyusa waliozikwa kando ya mwembe, watatu, na kwamba mmoja alikuwa maarufu kwa kuimba. Tulimwekea mama ujumbe ule sikioni. Aliposikia neno la kuimba alishika simu kwa mikono yote miwili.

Agosti 2022, viazi vya bondeni vikiwa vimeshapaliliwa, tulipanda treni ya TAZARA mjini Mbeya, mama, mimi, kijana wangu na binamu zangu wawili. Mwembe bado upo. Mzee yule alituongoza mwenyewe, akituonyesha vilima vitatu vya udongo ambavyo watu wa kanisa walikuwa wameendelea kuvifyekea majani bila kujua ni vya nani. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kipi ni cha mjomba, kwa hiyo mama alivisalimia vyote vitatu. Binamu yangu alitoa simu ili awarushie ndugu wa mbali moja kwa moja, nao walikuwa wanasubiri, nilijua wanasubiri, wengine walikuwa wametuma nauli yetu. Mama alimgusa mkono.

"Weka kwanza, mwanangu. Ngoja tumsalimie."

Akaweka. Tulikaa pale chini labda nusu saa, mama akizungumza Kinyakyusa na kaka yake kwa sauti ya kawaida kabisa, akimweleza nani amezaa na nani amekwenda, na alipomaliza aliinuka, akajifunga vizuri kitenge chake, akamwambia binamu yangu kwamba sasa awaonyeshe wengine. Ndugu wa Kapiri Mposhi alilia kwenye simu nasi tukamwona. Katika maisha yangu sijaona mtu mwingine aliyeipangia simu saa yake kwa utulivu kama ule, naye hakuwahi kuimiliki.

Mama alifariki Machi 2023, wakati wa mvua. Habari zilifika kwa ukoo wote kabla jua halijapanda, michango ya msiba ilikusanywa kwa simu ndani ya siku moja na nusu, na walioshindwa kusafiri walifuatilia ibada kwa video. Ninashukuru kwa yote hayo. Wakati huo huo nilimwomba mzee wa ukoo atangaze kwamba usiku wa kulala msibani, pale uani kwenye turubai, simu ziwekwe mbali baada ya saa tatu, isipokuwa ya mweka hazina. Vijana wachache walinung'unika. Kufikia saa tano usiku watu walikuwa wanasimulia mambo ya mama ambayo sisi watoto wake hatukuyajua, mmoja akisimulia jinsi alivyomkopesha mbegu mwaka wa njaa, mwingine jinsi alivyomzalisha njiani kuelekea Tukuyu, na kijana wangu, yule aliyeuliza swali la kwanza usiku wa Oktoba, alikuwa akiandika kwenye daftari.

Utaratibu huu una gharama yake, nami naieleza ili asije mtu akadhani ni rahisi. Juni mwaka jana nilikuwa na gunia 40 tayari kwa kuuzwa. Mnunuzi kutoka Dar es Salaam alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha saa moja, kisha saa moja na robo, simu ikilia juu ya kabati la vyombo. Mke wangu alikuwa kisimani na mimi nilikuwa shambani upande wa juu, nikigeuza majani, kwa sababu usiku ulikuwa na mawingu na nilikuwa nimeona madoa mawili siku iliyotangulia. Niliyapata mengine matano upande wa bondeni, yakiwa na unga mweupe chini. Nilirudi nyumbani saa tatu kuchukua bomba, nikaona simu zilizokosekana, nikampigia. Alikuwa ameshapakia kwa jirani yangu kwa shilingi 70,000 kwa gunia, bei ambayo sikuipata tena msimu ule.

Nilimwomba anikumbuke safari ijayo, nikamweleza kwamba mimi hupatikana kwa simu kuanzia saa tatu. Aliniuliza kama huku kwetu mtandao unasumbua asubuhi. Nilimwambia hausumbui. Kisha nikachanganya dawa, nikapanda tena kule juu, na kabla jua halijawa kali nilikuwa nimemaliza upande wote wa bondeni.